Kutoka Kiiraqw hadi Kiingereza: Lugha ya Tatu ya Mwanafunzi na Mtafuta Kazi

Kila mwezi Januari, watoto wa Nambis waliochaguliwa kujiunga na sekondari huvaa sare mpya, hubeba madaftari ambayo hayajaandikwa kitu, na kuanza Kidato cha Kwanza. Wiki chache baadaye baadhi yao huwa wamenyamaza. Mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwa kila swali alipokuwa Darasa la Saba sasa hutazama dawati. Nyumbani wazazi huulizana kama mtoto ameugua, au kama zile alama zake za shule ya msingi zilikuwa za kweli.

Alama zilikuwa za kweli. Kilichobadilika ni lugha. Katika shule za msingi za Serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja miongoni mwa masomo mengine. Mwanafunzi anapoingia sekondari, karibu masomo yote huanza kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kigawe kidogo cha shirika, ambacho mtoto alikifahamu vyema kwa kifupi cha KDS, huandikwa ubaoni kwa herufi LCM. Usanisinuru huitwa "photosynthesis", kani huitwa "force", na mmeng'enyo wa chakula huitwa "digestion". Mtoto analijua jambo lenyewe, ila hajui kwamba ndilo linalozungumzwa. Kumwita mzito wa akili ni kumhukumu kwa kosa ambalo si lake.

Kwa mtoto wa Nambis, hii ni mara ya pili kupita katika mlango wa namna hiyo. Mara ya kwanza ilikuwa alipoanza shule, akitoka katika nyumba ya Kiiraqw na kuingia katika darasa la Kiswahili. Aliyefika Kidato cha Kwanza amekwisha kujifunza lugha moja ya kigeni hadi akaweza kufanyia mtihani. Jambo hilo husahaulika mno pale watu wazima wanapolalamika kwamba watoto wa vijijini hawaziwezi lugha.

Suala lenyewe si jipya. Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo yao kwa lugha hiyo. Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi wala video za mtandaoni. Wanaodai kwamba Kiingereza cha vijana kimeharibiwa na simu watafute sababu nyingine.

Miongoni mwa wataalamu waliolizungumzia jambo hili kwa miaka mingi ni Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba kufundisha lugha ni kazi moja, na kufundishia masomo mengine kwa lugha hiyo ni kazi nyingine. Mtu hajifunzi Kiingereza kwa kuwa tu ameelezwa fizikia kwa Kiingereza asichokielewa. Matokeo yake huwa kukosa vyote viwili, fizikia na Kiingereza. Wasomaji wa wilaya hii watafurahi kujua kwamba Qorro ni pia mmoja wa waandishi watatu wa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyochapishwa Ujerumani mwaka 2002, pamoja na Maarten Mous na Roland Kießling. Lugha inayozungumzwa kandokando ya mashamba ya Nambis imekwisha kuwekwa ubavuni mwa Kiingereza, neno kwa neno.

Mtaala na lugha ya kufundishia huamuliwa na Wizara, si na Halmashauri. Lililo mikononi mwa mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa hapa ni namna ya kuvuka mlango huo bila kuanguka.

Anachokuja nacho mzungumzaji wa Kiiraqw

Kila anayejifunza lugha mpya huja na mazoea ya ulimi wake wa kwanza. Mzungumzaji wa Kihispania, kwa mfano, hutanguliza irabu "e" katika maneno ya Kiingereza yanayoanza na "s" ikifuatwa na konsonanti nyingine, kwa sababu lugha yake haina maneno yanayoanza hivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili aghalabu huongeza irabu mwishoni, kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili humalizikia kwa irabu. Ndivyo "bank" ilivyokuwa benki na "report" ikawa ripoti.

Mtoto wa Nambis hana shida hiyo, kwani jina la kata yake lenyewe humalizikia kwa konsonanti. Hali kadhalika Bargish, Endagikot na Hanang. Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi na si ya Kibantu, kina maneno mengi yanayofungwa kwa konsonanti. Vilevile hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu, jambo linalowasumbua sana wanafunzi wa kwingineko wanapokutana na "ship" na "sheep". Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba Kiiraqw kinawaharibia matamshi huwanyima msaada walio nao tayari.

Yapo pia maeneo ya hatari. Katika maandishi ya Kiiraqw, herufi "sl" huwakilisha sauti moja, ile inayosikika katika neno "slee", yaani ng'ombe. Katika Kiingereza herufi hizohizo ni sauti mbili, "s" kisha "l", kama katika "sleep". Vivyo hivyo "tl" ya Tlawi si "tl" ya Kiingereza. Dakika kumi za kulinganisha orodha mbili ubaoni zinatosha kuliondoa kosa hilo. Likiachwa, huweza kudumu hadi chuoni.

Sauti za "th" hazimo katika Kiiraqw, lakini zimo katika Kiswahili. Anayetamka "thelathini" na "dhahabu" sawasawa amekwisha kupata sauti ya mwanzo ya "three" na ya "this". Anayesema "selasini" na "zahabu", kama ilivyo kawaida katika mikoa mingi ya bara, atasema "sri" na "zis". Kwa hiyo Kiingereza kizuri kinaweza kuanzia katika kipindi cha Kiswahili.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa viwakilishi. Kiswahili kina "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, na ndiyo maana wanafunzi Watanzania huandika "he" wakimzungumzia dada na "she" wakimzungumzia kaka, hata wakiwa Kidato cha Sita. Kiiraqw nacho hutumia "inos" kwa wote wawili. Lakini anapozungumza na mtu ana kwa ana, Mwiraqw hutenganisha: mwanamume huambiwa "kuung" na mwanamke "kiing". Hakuna mtoto wa Nambis anayekosea hapo, kwa maana kumwita bibi yake kwa neno la wanaume kungezua kicheko nyumba nzima. Tabia ya kuangalia jinsia kabla ya kuchagua neno anayo. Kiingereza kinamtaka tu aihamishe kutoka kwa anayeambiwa hadi kwa anayetajwa. Maelezo hayo hayamo katika kitabu cha kiada, kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Mwalimu anayeijua lugha ya mahali anaweza kuyatoa kwa sentensi mbili. Kwa wanafunzi wa Hanang ambao nyumbani husema Kidatoga, lugha ya Kiniloti, mlinganisho utakuwa mwingine, na walimu wa huko ndio wanaofaa kuutafuta.

Kuhusu nyakati za vitenzi, kosa kubwa hutokana na kiambishi "na". Sentensi "Baba analima" huweza kuwa na maana kwamba yuko shambani sasa hivi, au kwamba kazi yake ni kilimo. Kiingereza hutenganisha maana hizo mbili kwa maumbo mawili. Mwanafunzi akijiuliza kwanza kama angeweza kusema "Baba hulima", atajua kwamba anahitaji "farms" na wala si "is farming".

Kwa upande wa msamiati wa sayansi, njia iliyo bora ni daftari la safu mbili: istilahi ya Kiswahili upande mmoja, ya Kiingereza upande wa pili, kuanzia siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1996 ingali ikitumika katika maktaba nyingi. Shule yenye nakala moja tu iiweke mezani pa wanafunzi badala ya kuifungia kabatini.

Katika baadhi ya shule nchini yangali mabango yanayosema kwamba asiyezungumza Kiingereza hatahudumiwa. Nia yake ni njema. Hata hivyo, mwanafunzi anayeumwa, au msichana mwenye shida asiyoweza kuieleza kwa lugha ya tatu, hapaswi kugeuzwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu kwa sababu ya bango.

Kiingereza cha kazini

Vijana wengi wa Mbulu huitafuta kazi Karatu, iliyokuwa sehemu ya wilaya hii, na katika njia za watalii za Ngorongoro, Ziwa Manyara na Tarangire. Huko huwa wapagazi, wapishi, wahudumu wa hoteli, madereva na, wakisoma zaidi, waongoza watalii. Wengi hudhani kwamba watahitaji maneno mengi magumu. Uzoefu wa kazi hizo huonyesha kwamba yanayoharibu ni maneno mepesi.

La kwanza ni saa. Kwa Kiswahili siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo saa mbili asubuhi ni saa ambayo Kiingereza huiita "eight". Kijana anayetafsiri moja kwa moja atamwambia mgeni kwamba gari litaondoka "two o'clock". Mgeni ataamka kwa utulivu, atakunywa chai, na gari litakuwa limeondoka saa nyingi. Au dereva atakaa getini tangu alfajiri akimngoja mtu aliyelala. Kanuni ni ya kuongeza au kupunguza sita: saa moja ni "seven", saa nne ni "ten", saa tisa mchana ni "three". Na kwa kuwa akili huchoka, ni vyema kuiandika saa kwenye karatasi na kumwonyesha mgeni, pamoja na neno la asubuhi au jioni.

La pili ni "nakuja". Mswahili anayetoka mara moja husema "nakuja", naye aliyeachwa huelewa kwamba mwenzake anaondoka na atarudi. Akisema "I am coming" huku akitoka mlangoni, mgeni hubaki ameduwaa. Kiingereza hutaka aseme kwamba anarudi baada ya muda mfupi: "I will be back soon."

La tatu ni "pole". Mtalii akijikwaa kwenye jiwe, kijana mwenye adabu humwambia "sorry", akidhani ametafsiri pole. Mgeni huona kama kijana anajitia hatiani kwa jambo asilolifanya, na pengine humjibu kwamba si kosa lake. Kiingereza hakina neno moja linalolingana na pole, hapo mtu huuliza tu kama mwenzake ameumia: "Are you all right?"

Na la nne ni kuomba. Katika Kiswahili "nipe" inaweza kulainishwa kwa sauti na uso. Ikitafsiriwa "give me" hubaki amri tupu. Wahudumu wanaofundishwa kuanza na "May I" au "Could you" husifiwa na wageni kwa ukarimu wao, ilhali ukarimu ulikuwapo tangu mwanzo na kilichokosekana ni maneno mawili.

Kazi za afya zina mahitaji tofauti. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na wamisionari kutoka Norway, ina chuo cha uuguzi, na vijana wengi wa ukanda huu hukitamani. Masomo ya uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, na majina ya dawa na vipimo huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini mgonjwa anayelazwa Haydom huenda akazungumza Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba au Kihadza, na huenda Kiswahili chake kikawa kidogo. Muuguzi anayesoma kipimo kwa Kiingereza, anayeandika taarifa, kisha anamweleza mama kwa Kiiraqw namna ya kumpa mtoto dawa, anafanya kazi ambayo mgeni mwenye Kiingereza safi hawezi kuifanya. Mfamasia akikosea kati ya "once" na "eleven", kwa sababu neno la Kihispania la kumi na moja huandikwa sawasawa na neno la Kiingereza la mara moja, ni habari ya Marekani. Hapa kwetu kosa la namna hiyo huzuiwa na mtu anayeijua lugha ya mgonjwa.

Ni haki pia kusema wazi ni wapi Kiingereza hakihitajiki. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Matangazo ya ajira serikalini aghalabu huruhusu barua ya maombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na maombi ya mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huandikwa kwa Kiswahili. Barua iliyonyooka kwa Kiswahili ina nafuu kubwa kuliko barua ya Kiingereza iliyonakiliwa mahali, yenye jina la mwombaji mwingine ambalo mwandishi alisahau kulifuta.

Pa kuanzia

Mwanafunzi aliye shuleni hana haja ya kulipia kozi ya mtaani kabla ya kutumia alivyo navyo. Elimu ya sekondari haina ada hadi Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, na hadi Kidato cha Sita tangu 2022. Vitabu vya kiada vinapatikana pia katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mzazi mwenye simu yenye intaneti anaweza kumfungulia mtoto kitabu ambacho shuleni hugawanwa na wanafunzi kadhaa. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia kwa njia moja ambayo haigharimu chochote: amtake mtoto amweleze kila jioni, kwa Kiiraqw au Kiswahili, alichofundishwa mchana kwa Kiingereza. Akishindwa kueleza, hakuelewa, na kesho yake amuulize mwalimu.

Upimaji wa Kidato cha Pili ndio unaopaswa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu asiyefikia kiwango hurudia darasa. Mzazi anayeona mtoto amenyamaza tangu Machi ya Kidato cha Kwanza asingoje matokeo hayo. Amwone mkuu wa shule au Afisa Elimu Kata mapema.

Aliyeacha masomo, pamoja na wasichana waliokatiza kwa sababu ya ujauzito, anaweza kurejea katika mfumo rasmi kwa mujibu wa Waraka wa Elimu wa mwaka 2021, au kusoma kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vijana wanaotaka ufundi wanaweza kuulizia nafasi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango, wilayani Mbulu, na katika vyuo vya VETA mkoani Manyara. Wanaombiwa fedha na vituo vya kozi za lugha, au na mawakala wanaoahidi kazi nje ya nchi kwa sharti la kozi ya Kiingereza, waulize kwanza cheti cha usajili na kukipeleka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kulipa.

Aliyemaliza Kidato cha Nne na kushindwa Kiingereza pekee hana haja ya kuanza upya. Anaweza kurudia somo hilo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka kwa mtihani wa Novemba, na anayechelewa hulipa zaidi. Afike kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu naye akiwa na namba yake ya mtihani wa awali.